Ngeli za Dokta wa Fildi

Utangulizi

Mbu wa Afrika Mashariki ameshaainishwa kwa ukamilifu wa kutisha. Tunajua yupi hung'ata ndani na yupi nje, saa ngapi, na akishashiba hupumzika wapi. Lakini yuko kiumbe mwingine wa msimu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na begi la magurudumu yasiyowahi kukutana na mchanga, ambaye hadi leo hajapata mwainishaji. Huyu ni mwanafunzi wa udaktari aliyetumwa fildi kijijini. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma, pengo ambalo hakuna aliyelalamika kuwa lipo.

Mbinu za utafiti

Eneo la utafiti ni zahanati yoyote ya Tanzania iliyo mbali na lami. Data hukusanywa na jopo la kudumu, yaani wazee na akina mama wanaoketi kwenye benchi la nje wakisubiri kuitwa. Jopo hili halina ruzuku, ila lina foleni ndefu na macho.

Kigezo kikuu ni swali la kwanza analouliza mgeni akishashuka. Katika sarufi, nomino ikisimama peke yake hudanganya, na ngeli yake hujulikana pale inapoungana na kitenzi. Koti jeupe nalo ni hivyo hivyo: halitambulishi mtu mpaka aliyelivaa atende jambo.

Ngeli zenyewe

Ngeli ya kwanza: Mnusa-mtandao. Swali lake ni "Hapa mtandao unashika wapi?" Jioni huonekana juu ya kichuguu nyuma ya shule, mkono mmoja angani. Wanazuoni wa awali walimdhihaki, lakini jopo limebaini kwamba mara nyingi hatafuti vichekesho. Anamtafuta mkubwa wake wa hospitalini amuulize kipimo cha dawa, kwa kuwa kijijini hakuna wa kumwuliza, au yupo lakini hajamtambua.

Ngeli ya pili: Mwuliza-mashine. Huyu amelelewa katika hospitali ya rufaa, ambako tumbo hupigwa picha kabla halijaguswa. Anauliza CT-scan iko chumba gani, naye huonyeshwa kipima presha, mizani ya watoto inayoning'inia na kipimo cha haraka cha malaria. Siku za mwanzo huwa katika hali inayofanana na msiba. Kisha humwona nesi akimvua mtoto shati, akitazama kifua na kuhesabu pumzi kwa saa ya mkononi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anahema haraka kupita kawaida, na akiwa na kikohozi nesi hafikirii mafua, anafikiria nimonia. Mwongozo huo umo katika vitabu alivyosoma mwanafunzi. Saa anayo pia. Kilichokosekana ni kumvua mtoto shati.

Ngeli ya tatu: Mwenye-dodoso. Hutembea na rundo la karatasi na huuliza kaya ina choo cha aina gani huku akiwa amesimama mbele ya choo. Kijiji kimemzoea. Wahojiwa waliobobea hutoa jibu linalomaliza mahojiano mapema, naye huliandika kwa uaminifu mkubwa. Majibu hayo husafiri hadi chuoni na kuwa ripoti, na ripoti haijawahi kuonekana ikipanda basi la kurudi.

Ngeli ya nne: Mwokozi. Huyu hana swali, ana hotuba. Huwahimiza akina mama wachemshe maji bila kuuliza kuni zinatoka wapi. Akiletewa mtoto mwenye degedege ambaye familia yake ilianzia kwa mganga wa jadi, humgombeza mama mbele ya foleni nzima. Hajui kuwa sehemu nyingi, hasa pwani, wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa mama huyo, kwenda kwanza kwa mganga ilikuwa tahadhari. Matokeo ya hotuba hupimika kirahisi: mama wa pili katika foleni, aliyesikia yote, akiulizwa ameanzia wapi hujibu, "Nimekuja moja kwa moja, dokta." Hivyo Mwokozi huharibu historia ya mgonjwa ambaye bado hajamwona.

Ngeli ya tano: Mtoto-wa-nyumbani. Alizaliwa kijijini, hapa au pengine kama hapa. Hana swali la kuuliza, anaamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Na kabla hajaketi ameshaambiwa ugonjwa, umri wake, na shamba ambalo palizi yake ndiyo iliyomchelewesha mgonjwa. Udhaifu wa ngeli hii ni ndugu. Wote wanaamini kuwa funguo za stoo ya dawa sasa ni mali ya ukoo.

Ngeli ya sita: Mkaa-benchini. Ni adimu. Huketi na jopo lenyewe nje, na swali lake huonekana halihusiani na tiba: "Mlikuja kwa usafiri gani?"

Mjadala

Hapa ndipo wanazuoni hugawanyika. Mkondo wa Damu hudai kwamba Mkaa-benchini huzaliwa, na kazi ya chuo ni kumsubiri. Mkondo wa Udongo hudai kwamba hufinyangwa. Ili kuamua, ni lazima kwanza tujue swali lake la usafiri lina maana gani.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza kwa nini wanawake hufa kwa uzazi, walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tuwaangalie sasa wanafunzi wetu. Shahada ya udaktari Tanzania huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini. Zahanati kwa kawaida huendeshwa na tabibu na wauguzi, si daktari. Kwa hiyo mtu anaweza kuhitimu kwa alama za juu akiwa ameuona ucheleweshaji wa tatu tu, ule unaotokea chini ya paa la hospitali. Wa kwanza uko jikoni, kwenye mashauri ya mume na mama mkwe. Wa pili uko kwenye mto uliofurika na kwa dereva wa bodaboda anayetaka nauli ya usiku. Daktari asiyezijua aina hizo mbili huuita ugonjwa uliochelewa "uzembe", kisha huandika hivyo kwenye faili kwa mwandiko usiosomeka.

Ushahidi wa dunia unawapa pande zote mbili haki kidogo. Mkondo wa Damu una Jichi, chuo cha udaktari cha Japani kilichoanzishwa 1972. Wanafunzi wake huchaguliwa kutoka kila mkoa, na ada husamehewa kwa anayerudi kuuhudumia mkoa wake kwa miaka 9. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mapendekezo yake ya 2010, lilishauri vyuo vichukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi huko.

Mkondo wa Udongo una Eldoret, Kenya, ambako kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Moi kiliyafanya mafunzo katika jamii kuwa sehemu ya masomo yenyewe: mwanafunzi hurudi kwenye vituo vya afya tena na tena kadiri anavyopanda madarasa. Fildi ya wiki chache mara moja tu humwacha kila mtu katika ngeli aliyoshuka nayo. Anayerudi huanza kuhama ngeli. Jopo limemshuhudia Mwuliza-mashine akihesabu pumzi, na Mwokozi akiuliza habari za kuni.

Hitimisho la kisayansi, basi, ni kwamba Mkaa-benchini si ngeli. Ni hatua inayofikiwa na yeyote akipewa muda na mwalimu. Na mwalimu huyo yupo tayari: ni nesi aliyekaa kituoni miaka mingi, ambaye hana kiti kwenye baraza la mitihani na hakuna anayemwomba alama.

Mapendekezo

Mosi, nesi apewe kalamu ya kusahihishia. Pili, ripoti ya dodoso isomwe kwanza mbele ya waliohojiwa, wakiwa na ruhusa ya kucheka. Tatu, mtihani wa fildi uwe na swali moja tu: kwa nini mama huyu amemleta mtoto siku ya tatu? Atakayejibu "uzembe" arudie mwaka. Atakayetaja mto, nauli na mama mkwe afaulu. Na atakayesema "Sijui, ngoja nikamwulize" apewe shahada siku hiyo hiyo, pamoja na nyumba ya mtumishi yenye paa lisilovuja, maana kwa sasa wanaofaulu swali hili wakiiona nyumba iliyopo huomba uhamisho.