Koti la Makambako

Ukitaka kujua ukoo wenu una wataalamu wangapi, tangaza kwamba unatafuta skana ya negativu. Kwetu walijitokeza kutoka Uyole hadi Kihesa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona.

Kisa chenyewe kilikuwa ndani ya kopo la biskuti la babu mzaa baba, aliyekuwa kibarua wa TAZARA wakati reli inajengwa, kati ya 1970 na 1975. Mlikuwa na negativu za kamera ya Kichina aina ya Seagull: nyeusi na nyeupe, za mraba, sentimita sita kwa sita. Babu ametangulia, studio iliyozisafisha imekuwa duka la vocha, na picha zenyewe zimeliwa na mende. Kikao cha ukoo kikaamua ziingizwe kwenye kompyuta kabla mende hawajamalizia na negativu.

Tulianzia steshenari, Mwanjelwa. Kijana akailaza negativu kwenye mashine ya kopi, akafunika, akabonyeza. Ikatoka karatasi nyeusi tititi. Akaitazama kwa makini, akasema, "Kaka, hawa walipigana picha usiku." Mashine ya kopi humulika karatasi na kuusoma mwanga unaorudi, negativu hutaka mwanga upite katikati yake, utokee upande wa pili. Nilimweleza hivyo. Akanitoza hela ya kopi ya rangi.

Binamu yetu wa Dar akatutumia kwa basi skana ya Plustek OpticFilm. Mashine nzuri, ila modeli aliyotutumia imetengenezwa kwa mkanda wa milimita 35 tu. Negativu za babu zilikuwa pana kuliko mlango wake. Baba mdogo akaagiza mkasi. "Tunapunguza pembeni kidogo tu," alisema. "Mzee mwenyewe yuko katikati." Shangazi akaukalia ule mkasi hadi kikao kikaahirishwa.

Hatimaye tukapata Epson Perfection V600 ya mtumba. Hiyo ina taa kwenye mfuniko, na fremu za kushikia mikanda ya saizi zote mbili. Baba mdogo alikuwa na swali moja: namba yake kubwa ni ngapi? Huyu huchagua skana kama anavyochagua mbolea ya mahindi, kwa uzito wa mfuko, maandishi wasome wengine. Aliposikia nukta 6400 kwa inchi, akaamuru zitumike zote. Kwa negativu ya ukubwa ule, hizo ni nukta karibu milioni 200 kwa picha moja. Kompyuta yangu ikaanza kuunguruma, ikafikiri tangu chai ya asubuhi hadi ya jioni, kisha umeme ukakatika. Tukashuka hadi 2400, yaani nukta milioni 28 hivi, ambazo zinatosha kutengeneza bango.

Ikabaki programu. Baba mdogo akaiambia kwamba mkanda ni wa rangi, kwa sababu kwenye orodha rangi ilitangulia, kisha akawasha kisafisha vumbi cha infraredi. Kwa mikanda mingi ya rangi hicho ni mkombozi: infraredi hupenya rangi lakini hukwama kwenye vumbi, na programu ikajua cha kufuta. Ila picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, nazo huizuia infraredi vilevile. Programu ikamwona babu mzima kuwa ni uchafu, ikaanza na masharubu. Shangazi akasema hata marehemu bibi aliwahi kulalamika hivyo.

Programu nyingine tuliyoijaribu bila kulipa ikamrudisha babu na masharubu yake, ila ilimtapakaza alama za dola kutoka kofia hadi viatu, ili tukumbuke kununua leseni. Kabla ya magharibi habari zilishafika Iringa kwamba mzee aliacha dola. Simu zikaanza kuingia kutoka kwa watu ambao msibani hatukuwaona.

Basi tukalipa. Programu za kuchagua zilikuwa mbili: SilverFast, ambayo leseni yake hufungwa kwa modeli moja ya skana, na VueScan, ile ya dola. VueScan huendesha skana nyingi, hata za zamani zilizotelekezwa na watengenezaji. Wenye mitumba tulichagua ya pili.

Nikaenda na baba mdogo Kihesa kumwonyesha bibi mzaa mama, kwa kuwa mababu zangu wawili walijuana kambini Makambako na ndoa ya wazazi wangu ilianzia hapo. Tukaamkiana "kamwene", nikafungua kompyuta. Bibi akakaza macho.

"Mume wangu, hebu kuza hapo kifuani."

Nikakuza. Koti jeusi, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweupe.

"Uzi huo niliutia mimi, mweusi ulikuwa umeniishia. Hili koti la mzee wangu. Baba yenu aliliazima wiki moja, kwa sababu ya baridi."

Wakwe wamekadiria wiki hiyo kuwa na thamani ya mbuzi. Negativu zilizobaki ni nyingi, na baba mdogo amependekeza ziskaniwe kwa nukta 300, kisafisha vumbi kikiwa kimewashwa.