Mwaka wa Sekondari: Mhadhara wa Bingwa wa Fotokopi, Mirongo

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiwe. Waheshimiwa wajumbe wa benchi refu na wa benchi fupi. Mama lishe wetu, ambaye leo amepunguza moshi kwa heshima ya tukio hili. Vijana wa bodaboda mlioegesha kwa muda. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya mabadiliko na matukio ya kukumbukwa katika mwaka wa shule ya sekondari. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, baada ya kujifikiria kwa kina na kuona sina mpinzani. Walimu wapo, siwadharau, lakini mwalimu humwona mwanafunzi akiwa amekaa wima, kaweka uso wa mtu anayeelewa. Mimi namwona mbele ya mashine yangu ya fotokopi, ana haraka, hela pungufu, na ukweli wote uko usoni. Steshenari yangu ipo jirani na mto Mirongo, upande wa kwenda Mlango Mmoja. Wanaopita ni wa Mwanza Sekondari, wa Pamba, wa Nganza wakiwa likizo, na wa shule ambazo hata wao wanazitaja kwa sauti ya chini. Wenzangu wana shahada moja moja. Mimi nina nakala za shahada za mtaa mzima.

Nadharia yangu, ambayo vyuo vikuu vitaifikia kwa wakati wake, ni hii: mwaka wa sekondari hauendi kwa kalenda ya ukutani, unaenda kwa karatasi. Nipeni karatasi iliyoko mkononi mwa denti, nami nitawaambia ni mwezi gani.

Januari ni fomu ya kujiunga. Baba anaingia nayo dukani, anaisoma mstari kwa mstari kama mkataba wa kuuza kiwanja: kaunta buku, rimu ya karatasi, ndoo, fagio la chelewa, fyekeo, jembe na mpini wake. Anavua miwani. "Huyu anakwenda kusoma au kulima?" Mimi hujibu kitaalamu kwamba elimu ni pana. Nyuma yake kasimama mtoto ndani ya shati lililonunuliwa kwa kuangalia mbele: mikono imekunjwa mara tatu, mabega yameshukia viwikoni, na mama anasisitiza kwamba atakua. Hapo nimeshuhudia unabii usiokosea. Novemba ikifika, shati lile lile linaishia juu ya kifundo cha mkono, na sauti iliyoniambia "shikamoo" kwa wembamba Januari inaniambia "mambo, mzee" kwa besi.

Badiliko kubwa kuliko la shati hutokea darasani. Mtoto kamaliza darasa la saba akisoma Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili. Baada ya likizo anakuta Baiolojia, Fizikia na Kemia, zote zimekuja na Kiingereza chao. Wiki za mwanzo darasa zima huitikia "Yes, sir", hata pale mwalimu alipouliza nani hajaelewa. Mimi naliita jambo hili Umoja wa Kitaifa.

Masika yakianza, karatasi hubadilika kuwa desa za jiografia, zikiwa zimelowa pembeni. Kati ya Machi na Mei mto Mirongo hupandisha sauti. Unashuka na chupa, kandambili, magunia na kila tulichoutupia wakati wa kiangazi tukidhani umelala, unabeba mzigo huo wote hadi ziwani. Mwanafunzi anavua viatu, anasukumia soksi ndani yake, anapima kina kwa macho, kisha anavuka akiwa ameinua begi juu ya kichwa. Na ndani ya begi hilo, nasema kwa mamlaka yote kwa kuwa kopi nilitoa mimi, mna maelezo kamili ya jinsi Wamarekani walivyolitiisha bonde la mto Tennessee. Denti wa Mirongo anaweza kukutajia faida za mabwawa ya Tennessee akiwa amesimama ndani ya maji ya Mirongo hadi magotini. Nani atasema elimu yetu haina vitendo?

Sitakaa sana kwenye suala la daladala. Nauli ya denti ni shilingi 200, konda anataka abiria wa nauli kamili, gari linapunguza mwendo bila kusimama. Anayehitimu kidato cha nne bila kuvunjika mguu anastahili cheti cha pili.

Nafika sasa kwenye eneo langu la ubobezi: historia ya madaraja ya ufaulu. Vijana, acheni simu, hili litatoka kwenye mtihani wa maisha.

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitoka Februari 2013, uliacha zaidi ya nusu ya watahiniwa na sifuri. Nchi ilishika kichwa. Tume ikaundwa na Waziri Mkuu, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Mwaka huo huo wa 2013 wataalamu wenzangu wakagundua kiini cha tatizo: tatizo lilikuwa ni ile sifuri yenyewe. Ikatangazwa kwamba ziro inaondoka na kwamba kutakuwa na daraja la tano. Naomba mnielewe vizuri. Mtoto hakuongezewa kitabu wala mwalimu wa hisabati, lakini sifuri yake ilipandishwa cheo. Kelele zikawa nyingi. Kisha ukaja wastani wa alama: matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yakatoka bila divisheni, na wazazi wa Mirongo wakawa wanakuja kwangu na karatasi mkononi wakiuliza, "Hiki alichopata ni cha kuchinjia kuku au cha kufungia mlango?" Mwanzoni mwa 2016 divisheni zikarudi, na kwa mara ya kwanza katika historia watu walishangilia kurejea kwa neno ziro.

Hesabu yenyewe ya divisheni ni tukufu. Pointi 7 ndizo juu kabisa, 35 ndizo chini kabisa. Nimewahi kumwona baba akimkumbatia mwanawe kwa pointi 33, akidhani kampiku jirani aliyepata 12. Sikumrekebisha. Msomi hapaswi kuingilia furaha ya familia.

Mwaka wa 2020 ulikuwa na karatasi moja tu, nayo ilikuwa tangazo. Machi 17 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine Juni 29, wakakuta ndoo za maji tiririka getini. Katika kipindi hicho watoto wa mtaa huu walisikika wakisema kwa vinywa vyao kwamba wameikumbuka shule. Nimelihifadhi tukio hilo kwa ajili ya watafiti wa karne ijayo, maana hawataamini.

Katika mwaka wa kawaida, ikikaribia mitihani ya mwisho, huja risala ya mahafali. Kiranja analeta rasimu, mimi nachapa. Hapa nawafungulia siri ya taaluma. Risala ya mwaka jana imo kwenye kompyuta yangu. Ya mwaka juzi pia. "Mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo": uhaba wa walimu wa sayansi, maabara isiyokamilika, ukosefu wa uzio, upungufu wa matundu ya vyoo. Mimi hubadilisha tarehe na jina la mgeni rasmi tu. Mgeni rasmi naye husimama, huvua koti, huahidi mifuko ya saruji, hupigiwa makofi, hulishwa keki. Mabadiliko katika sekta ya elimu ni makubwa, nami ni shahidi: mwaka huu risala ilitumia herufi kubwa zaidi.

Kisha Novemba, mvua za vuli, na mtihani wenyewe. Siku ya karatasi ya mwisho mjini hakukaliki. Mashati meupe yanageuka daftari: kila mmoja ana maka peni, kila mgongo una maandishi. Shule zinakataza, walimu wanalinda geti, nami nauza maka peni mpaka zinakwisha. Mwaka mmoja, wiki mbili baada ya mtihani, mama mmoja wa mtaa huu alikuja na shati la aina hiyo. Lilikuwa limefuliwa kwa sabuni ya mche, likaanikwa, likafuliwa tena. Kwapani palikuwa na jina la timu ya mpira, kifuani sahihi za darasa zima, mgongoni kwa wino wa bluu: "Usinisahau". Mama alitaka dawa ya kuondoa wino, kwa kuwa mdogo wa mwenye shati anaanza kidato cha kwanza Januari na shati jipya lina bei yake. Nilimpa spiriti. Sahihi zilififia, timu ya mpira ikatoka. Mdogo mtu alianza shule akiwa na "Usinisahau" mgongoni, imepauka lakini inasomeka, akaulizwa mpenzi wake ni nani kabla hajajua hata darasa lake liko wapi. Alikana kwa muhula mzima. Wenzake hawakumwamini.

Matokeo hayana shamrashamra za maka peni. Januari inayofuata, watoto wanajazana dukani, mtandao unazunguka, mtu anataja namba ya mtihani kwa sauti ya kitubio. Kila mmoja anaanza kuangalia matokeo ya rafiki yake ili apime hali ya hewa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora, likaumiza sana shule zilizoishi kwa mabango. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zikaongezwa hadi 65. Zamani mzazi alijua PCB ni daktari na HKL ni wengineo. Siku hizi anahitaji mshauri, na mshauri ndiye huyu mnayemtazama. TAMISEMI ikishapanga, mtoto aliyezaliwa akinusa sangara anajikuta kapelekwa Mtwara, na baba yuko stendi ya Nyegezi akibishana na wapagazi juu ya bei ya tranka.

Waheshimiwa, zipo karatasi ambazo hata mimi nazivulia kofia. Hadi mwaka 2015 ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kuna watoto walikaa nyumbani kwa ajili ya hiyo 20,000. Januari 2016 ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Novemba 2021 serikali ikatoa waraka kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi. Miezi kadhaa baadaye binti mmoja aliingia hapa, mtoto mgongoni, akaomba kopi za madesa ya vidato viwili. Aliweka hela mezani sarafu kwa sarafu. Nilimpunguzia bei kwa nusu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea tangu duka lifunguliwe, na naomba lisitangazwe.

Hivyo hukumu yangu ya kitaalamu ni hii. Badiliko ni karatasi inayomrudisha mtoto darasani. Ile inayobadilisha jina la sifuri ni kazi ya wachapaji, na wachapaji tunashukuru kwa biashara. Nawaomba wazazi wanunue shati kubwa bila aibu, wageni rasmi walete saruji waliyoahidi mwaka jana kabla hawajaahidi ya mwaka huu, na sisi sote tuache kuutupia mto Mirongo takataka, maana wanaouvuka na viatu mkononi ni watoto wetu.

Maswali yaandikwe, kisha yaletwe dukani kutolewa kopi. Nakala ya mhadhara huu ni shilingi 100 kwa ukurasa. Wenye sare ni shilingi 50, na wenye mtoto mgongoni tutaelewana.