Namna ya Kumwonyesha Mgeni Nyota Ukiwa Same

Kwanza ngoja umeme ukatike. Wazungu wamekwenda kujenga vituo vya kutazamia nyota huko jangwani Chile, kwa fedha nyingi, ili kukimbia taa za miji. Sisi huduma hiyo tunaletewa mlangoni, bure, tena bila taarifa. Mtoe mgeni nje, msimame mbali na jenereta la jirani.

Sasa nyoosha kidole useme, "Ile pale!" Njia hii ni ya tangu enzi za mababu na ina kasoro moja tu: haijawahi kumwonyesha mtu nyota. Mgeni atasema "Aa, nimeiona," kwa adabu, na mtarudi ndani mmeridhika, kila mtu na nyota yake. Ukiongeza "hapo juu ya mlima Shengena," umezidi kuharibu. Baada ya nusu saa nyota imeshahama zaidi ya digrii 7, na kwa mtu wa Gonja, Shengena huohuo uko upande wa machweo.

Wanafalaki hawaelekezi kwa mlima. Wameichukua ikweta ya dunia wakaichora angani, kisha kila nyota wakaipa namba mbili. Ya kwanza ni digrii za kaskazini au kusini ya ikweta hiyo. Ya pili huhesabiwa kwa saa, 0 hadi 24, kila saa digrii 15, kuelekea mashariki kuanzia pale jua linapoivuka ikweta mwezi Machi. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, iko saa 6 dakika 45, kusini digrii 16 na dakika 43. Anwani hiyo ni moja, uwe Same au Tokyo. Nyumba yako ilipata kibao mwaka 2022, kwenye Operesheni Anwani za Makazi, na mpaka leo bodaboda unamwambia, "Ukifika kwenye mwembe, ulizia."

Tahadhari: daftari hilo la mbinguni nalo huchakaa. Mhimili wa dunia unayumba polepole, hivyo mahali pa kuanzia kuhesabu husogea digrii 1 kila miaka 72 hivi. Namba nilizokupa ni za mwaka 2000. Mgeni akianza kubishana kuhusu sekunde, mpe chai.

Twende kwenye kazi yenyewe. Same iko digrii 4 kusini, kwa hiyo ikweta ya anga inapita karibu na utosi wako, ikiegemea kaskazini kidogo. Nyota tatu za mshipi wa Orioni zimejipanga karibu nayo. Katikati ya Januari, saa nne na nusu usiku, tandika mkeka, mlaze mgeni chali. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni digrii 10. Aufuate mstari wa zile tatu kuelekea kusini-mashariki, ngumi mbili na ushee: Sirius hiyo. Asikubali kuahirisha akisema "mwezi ujao, saa hizihizi." Nyota huwahi kwa dakika 4 kila siku, katikati ya Februari mshipi unafika hapo saa mbili na nusu.

Hata saa ya mkononi isikutishe. Majira yetu yanafuata longitudo 45, ambayo kwa huku kwetu iko baharini, na Same iko karibu na 37.7. Jua la Same hufika katikati ya mbingu, kwa wastani, saa sita na dakika 29 mchana. Aliyechelewa kikao cha saa sita ana hoja ya kisayansi kabisa, ingawa sijamwona mwenyekiti aliyeikubali.

Amebaki mgeni wa Ulaya, anayetaka kwanza aonyeshwe Nyota ya Kaskazini ndipo ajue alipo. Kwao iko juu mwaka mzima. Hapa Same iko takriban digrii 4 chini ya upeo wa kaskazini, yaani ardhini. Mweleze hivyo kwa upole. Akishikilia kwamba lazima aione, mpe sururu.