Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Ombi la Kibali cha Kumpa Mbwa Maji

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri yetu,
S.L.P. ileile.

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUMPA MBWA MAJI

Mheshimiwa Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa hatua madhubuti. Gari la matangazo lilipita mitaani kwetu likitutangazia kwamba mbwa yeyote atakayeonekana anazurura atauawa, na kweli, serikali ikisema imesema. Nyama yenye sumu ilitupwa usiku. Wa kwanza kuila alikuwa mbwa wa mjumbe wetu, aliyetoroka pale mtoto aliposahau kufunga geti. Kadi yake ya chanjo, yenye muhuri wa ofisi yako, bado iko kabatini kwa mjumbe. Wakafuata paka wawili na kunguru kadhaa, ambao nao, bila shaka, walikuwa wanazurura.

Lakini pongezi zangu kubwa ni kwa namna ulivyowadhibiti wale wanafunzi wa sekondari ya kata. Kwa wasomaji wasiowafahamu, hawa ni vijana waliojitolea kuwaangalia mbwa koko. Kila Jumamosi walizunguka stendi, sokoni na machinjioni wakiwa na madumu yaliyokatwa nusu, wakiwawekea mbwa maji. Walikuwa na daftari: jike mwekundu wa stendi ana upele masikioni, dume wa machinjioni anachechemea mguu wa nyuma. Wakikuta watoto wanamrushia mbwa mawe, hawakuwafokea. Waliketi nao, wakawaeleza, na wengine wakaacha. Hawakuwa na bajeti, fulana wala posho. Nadhani hapo ndipo walipokosea, kwa sababu shughuli isiyo na posho hapa kwetu lazima itiliwe shaka.

Waliandika barua kuomba ushirikiano wa Halmashauri. Wakaambiwa ipitie kwa mkuu wa shule, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha idara zinazohusika. Idara ya mifugo ikasema mbwa asiye na mwenyewe si mfugo. Idara ya afya ikasema yenyewe inashughulika na binadamu. Mazingira wakasema mbwa akiwa hai si taka, kwa hiyo wasubiri. Baada ya mzunguko huo likaja jibu la maandishi, lenye kumbukumbu namba na saini: wanafunzi wasitishe mara moja shughuli zote za kulisha na kunywesha mbwa hadi kibali kitakapotolewa.

Mheshimiwa, anayetaka kumpiga mbwa jiwe haombi kibali. Anayemfunga kopo mkiani ili wenzake wacheke hapitii kwa mtendaji wa kata. Anayemmwagia maji ya moto kwa sababu amelala kivulini mwa kibanda chake cha chipsi hajawahi kuambiwa arudi kesho. Hao wamewekewa mazingira wezeshi kabisa. Wakati huohuo tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili wa aina hiyo. Wanafunzi walichapisha nakala kwa hela zao za andazi wakaileta ofisini kwako. Ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Naamini inaendelea kupokelewa mpaka leo.

Nije kwenye tuhuma yenyewe ya kulisha mbwa. Kwa heshima zote, hakuna mtu katika mji huu anayelisha mbwa kuishinda Halmashauri. Lile jalala la nyuma ya soko, ambalo tunalilipia ada ya taka kila mwezi na gari huja likipenda, ndilo bwalo lao kuu. Utumbo wa kuku, vichwa vya samaki na ugali uliochacha wa mama lishe vyote vipo, saa ishirini na nne. Machinjioni damu na mabaki hutiririka hadi mtaroni bila hata bati la kuziba njia. Vijana walikuwa wanaongeza maji tu. Kama kosa ni kuwavuta mbwa mjini, mshtakiwa namba moja anafahamika, na ana gari la serikali.

Najua hoja yako nzito ni kichaa cha mbwa, na hapo sina mzaha. Binadamu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi mno Afrika na Asia, na watoto ndio wanaong'atwa zaidi kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaowachokoza. Ila wataalamu haohao wanasema kinachoukata ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia kila wakati. Sumu haimjui aliyechanjwa na asiyechanjwa. Ukimwua mbwa wa mjumbe umeua kinga uliyoilipia mwenyewe, na nafasi yake pale jalalani itachukuliwa na mgeni kutoka kata ya jirani au na kitoto kilichozaliwa mwezi uliopita ambacho hakijaona sindano. Jalala halikai bila wenyewe. Kwa hiyo tumetumia fedha za umma kupunguza mbwa salama na kuwakaribisha wa hatari. Sijui kwenye taarifa ya robo mwaka mstari huo mtauweka chini ya kichwa gani.

Isitoshe, tafiti zilizofanywa hapahapa Tanzania zimeonyesha kuwa wengi wa hao tunaowaita koko wana kwao. Hufunguliwa asubuhi wakajitafutie, usiku wanarudi kulinda mabanda ya kuku. Unaweza kumwita mwenye mbwa siku ya chanjo na akaja, alimradi hajaogopa kwamba mnataka kumhesabia mbwa wake ili mje kumwua baadaye.

Tusiende mbali kutafuta mfano. Pemba si mahali ambapo mbwa analala sebuleni, lakini waliwachanja mbwa wao shehia kwa shehia na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Uliporudi 2016 nao wakarudi na sindano, na 2018 ukaondoka tena. Na kama mbwa hana mvuto kwako, basi tumzungumzie simba, ambaye naye ni kiongozi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kiasi cha 1,000, na virusi vyake vikahusishwa na mbwa wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi. Baada ya hapo mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa. Nchi yetu ina maajabu: ili mbwa apate sindano, ni heri azaliwe karibu na watalii.

Asije pia mtu akanijibu kwamba mbwa ni najisi na vijana wanapoteza muda. Najisi ina namna yake ya kuoshwa, na kila aliyepita madrasa anaijua habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa hoi kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Hatukusimuliwa kwamba kwanza alipitisha barua kwa mtendaji wa kata.

(Mimi mwenyewe, niseme ukweli, si mpenzi wa mbwa. Wakianza kubweka saa nane usiku huwa nawalaani kama mtu mwingine yeyote.)

Katika barua yako ya katazo kuna swali moja la haki, nami sitalikwepa: mwanafunzi aking'atwa, nani atawajibika? Swali zuri. Mtoto wa mtu hapaswi kushika mbwa asiyemjua kwa mikono mitupu na moyo mwema. Lakini jibu lake linajulikana. Wanaotaka kushika mbwa wachanjwe wao kwanza dhidi ya kichaa, wafundishwe, wasimamiwe na mtaalamu. Wasiochanjwa wabaki na daftari, madumu na kazi ya kuelimisha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kinasomesha madaktari wa mifugo, na nina hakika baadhi yao wangekuja kwa nauli tu. Badala yake mmewafukuza vijana ambao ndio waliokuwa wakipita shule za msingi kuwaambia wadogo zao kwamba aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali kupata chanjo, asikae nyumbani kupakwa majani. Sasa hakuna anayewaambia. Watoto, hata hivyo, wanaendelea kung'atwa bila kibali.

Tunachoomba si kikubwa. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Toa chanjo, toa afisa mifugo mmoja na boksi lake la barafu, na wanafunzi watapita nyumba kwa nyumba kuwaita wenye mbwa, wataandika majina, watapanga foleni. Ondoa taka nyuma ya soko na uzibe ule mtaro wa machinjioni. Polisi kata naye akumbushwe kuwa sheria ya 2008 ipo na kwamba kumtesa mnyama hadharani si burudani.

Na endapo kibali cha maji bado kinahitaji saini, hatuna neno, tutasubiri. Ila kwa ajili ya usawa, tunaomba amri ya sumu nayo ianzie kwa mkuu wa shule, ipite kwa mtendaji wa kata, mifugo, afya na mazingira, na isitekelezwe mpaka ofisi zote hizo ziwe zimekubaliana mbwa ni wa nani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, na mlipaji wa ada ya taka.