Shangazi wa Ubaoni: Ukila Kete Zote, Kesho Utacheza na Nani?

Wasomaji wangu wa Ngara na Biharamulo, barua zimejaa kapu. Nakumbusha kwamba safu hii haishughuliki na ndoa, mahari wala mipaka ya shamba la migomba, isipokuwa pale ubao wa drafti ulipowekwa juu ya mpaka wenyewe. Hapa tunatibu maradhi ya mchezo tu. Wiki hii wagonjwa ni watano, na ukiwasikiliza vizuri utaona wote wanaumwa kitu kimoja.

Kete ndogo imerudi nyuma

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa lori, napeleka mizigo Kigali. Nikiwa Rusumo nasubiri karatasi, tunacheza drafti na madereva wenzangu kwa vizibo vya soda. Juzi mmoja wa ng'ambo alikula kete zangu tatu kwa kete ndogo iliyokula kinyumenyume. Nikamwambia kwetu kete ndogo hairudi mpaka iingie kingi. Akasema kwao inarudi. Tuligombana mpaka karatasi zikatoka, na sasa hatusemeshani. Nani ana haki? – Dereva, Rusumo*

Marahaba mwanangu. Haki mnayo wote wawili, ndiyo maana ugomvi haukuisha. Drafti ni jina moja lenye sheria nyingi. Waingereza wana ubao wa vyumba 64, kete 12 kwa 12, na kingi yao inakwenda hatua moja moja. Warusi wana ubao huohuo na kete hizohizo, lakini kwao hata kete ndogo inakula kinyumenyume, na kingi inavuka ubao mzima kwa mwendo mmoja. Ile ya kimataifa ina vyumba 100 na kete 20 kila upande, na inakulazimisha kupita njia yenye kete nyingi za kula, hata kama unaona kabisa kwamba ni mtego.

Hapo Rusumo pana kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Aprili 2016, ili lori lisikaguliwe upande huu na tena upande ule. Drafti haijapata kituo chake. Kifungueni wenyewe. Kabla kizibo cha kwanza hakijasogea, ulizaneni mambo matatu: kete ndogo inarudi au hairudi? Kingi inaruka umbali gani? Aliyepitiwa asile alichopaswa kula anafanywaje? Jibu lolote litafaa, mradi limetoka mapema. Sheria inayotajwa baada ya kete tatu kuliwa hakuna atakayeiamini, hata kama ni ya kweli.

Na mwenzako msalimie. Foleni ya Rusumo itawakutanisha tena.

Mjukuu hanisikilizi

*Salaam. Kila jioni nacheza bao na mjukuu wangu wa kidato cha pili. Mimi nacheza huku nikimsimulia habari za ukoo. Yeye hajibu kitu, macho kwenye mashimo, midomo inahesabu. Ananifunga haraka haraka, kisha anasema, "Babu, tuweke tena." Mpaka leo sijafika hata pale baba yake alipokutana na mama yake. Je, nimkataze kufikiri? – Babu, Rulenge*

Shikamoo mzee wangu. Kufikiri usimkataze, wanaofikiri ni wachache na tunawahitaji. Ubao huo wenye mashimo 32 na kete 64 unachezwa pande zote zinazotuzunguka. Rwanda wanauita igisoro, Uganda omweso, na kila mahali una wendawazimu wake wa hesabu. Waganda wana hata jina, akakyala, la kumfunga mtu kabla hajala kitu. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na sijasikia mtu akisema bao lilimzuia kuzungumza. Kule Zanzibar, mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa akachunguza wanavyopiga hesabu za kete kichwani, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa hiyo kimya cha mjukuu wako si utovu wa adabu. Yuko kazini.

Shida ni kwamba kwenye ubao mmoja mnacheza michezo miwili. Wewe umekuja kuzungumza na bao ni kisingizio. Yeye amekuja kushinda na babu ndiye kisingizio. Ukimnyang'anya ushindi atakukimbia, kwa hiyo mwachie, ila uhamishe pale unapopatikana. Mchezo wa kwanza uwe wake, kimya, na wewe mzee wangu ujitahidi usikohoe kwa makusudi. Wa pili uwe wako: kabla hajachota kete anajibu swali moja la ukoo. Akikosea jina la baba wa babu yako, zamu inapita. Kijana anayependa kushinda namna hiyo atajifunza ukoo wote kwa wiki chache, na atauliza mwenyewe habari za mama yake, kwa kuwa atahofia zisije zikaulizwa.

Mwanangu hafi

*Shangazi shikamoo. Watoto wa mtaani kwetu wanacheza basi la Kahama. Matofali ni viti, kuna dereva, konda, abiria, askari wa kusindikiza, na majambazi wanaongoja porini. Mwanangu ana miaka tisa, kila siku ni jambazi, na hafi. Akipigwa risasi anasema amevaa fulana ya chuma. Akipigwa ya pili anasema ana dawa ya mganga. Wenzake wameanza kumkwepa. Naogopa, au ndiyo atakuwa jambazi kweli? – Mama, Biharamulo mjini*

Marahaba mama. Jambazi hatakuwa. Kwa utetezi huo, mwandalie ada ya chuo cha sheria. Mchezo wenyewe hawakuutoa mbali: ni masimulizi ya wakubwa, ya enzi zile mabasi yalipovuka mapori ya huko kwenu yakiwa na polisi wenye silaha ndani. Watoto wameyachukua yale yaliyotutia hofu wakayagawana kama nafasi za kuigiza. Ni jambo zuri, usilizuie.

Mholanzi mwingine, Johan Huizinga, aliandika mwaka 1938 kwamba mlaghai na mvunja mchezo ni watu wawili tofauti. Mlaghai bado anajifanya anacheza, anauheshimu mchezo hata anapouibia. Mvunja mchezo ni yule anayesimama katikati na kusema, "Hilo si basi, ni matofali." Huyo ndiye watoto wasiyemsamehe. Mwanao hajafika huko. Anahangaika kutafuta fulana na mganga kwa sababu anajua risasi ya kidole ni risasi kweli.

Basi mwachie kinga zake, lakini kila kinga ilipiwe. Fulana ya chuma ni nzito, kwa hiyo anayeivaa anatembea, hakimbii. Dawa nayo ina miiko, kila mtu Biharamulo analijua hilo. Watoto wenzake ndio wapange mwiko: labda mwenye dawa asikanyage tofali. Hapo utaona jambazi asiyekufa akilizunguka basi asiweze kupanda, na abiria wote wakimcheka kwa raha. Yeye mwenyewe ataomba kufa.

Ameliua joka kabla chai haijapoa

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni vijana wanne. Mjomba wangu anayeishi Kanada alituletea mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na dadu ya pande 20 inaamua kama jambo limefaulu. Hadithi tumeihamishia kwetu: joka linaishi chini ya maporomoko ya Rusumo. Sasa rafiki yetu mmoja amesoma kitabu usiku kucha na kuchagua kila kitu kinachoongeza pigo. Nguvu ana 18, haiba ana 8. Joka nililoliandaa muda mrefu amelimaliza kabla chai haijapoa, wenzake wanatazama tu. Nimfukuze? – Msimulizi, Kabanga*

Marahaba mwanangu. Unataka kumfukuza mtu pekee aliyesoma kitabu? Mchezo huo, uliotolewa mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ulizaliwa na michezo ya vita ya mezani. Kuhesabu nguvu kumo katika damu yake. Na malalamiko yako hayakuanzia Kabanga. Mwaka 1980 Mmarekani mwingine, Glenn Blacow, alikwisha kuwapanga wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta nguvu, wanaotaka kuishi ndani ya mhusika, wanaotaka kupanga mapigano kwa akili, na wanaotaka hadithi iende mbele. Wewe unataka hadithi, rafiki yako anataka nguvu. Wale wawili wengine hujawauliza, na katika barua nzima hukuwataja ila kwa kutazama.

Waulize. Swali liwe jepesi: "Wewe ukirudi nyumbani leo, ungependa uwe umefanya nini?" Kisha kila kikao kiwe na kipande cha kila mmoja.

Kwa rafiki yako nina dawa. Ameliua joka, mpongeze. Sasa apeleke kichwa chake kwa mfalme wa ng'ambo akapokee zawadi. Afike darajani Rusumo, ofisa atazame kichwa, atazame karatasi, aseme: "Hizi ni nyara za Serikali. Kibali kiko wapi?" Upanga hausaidii hapo. Inatakiwa haiba, naye ana 8. Ndipo mmoja wa wale wawili wanaotazama, tuseme mpole aliyeandika haiba 16 na ambaye tangu mwanzo hakuna aliyemhitaji, atakapoinuka na kusema, "Shikamoo afande." Mpiganaji atajifunza kwamba karatasi yake ina upande aliouacha mtupu, na atajifunza bila wewe kumpunguzia hata pointi moja.

Lakini usifanye forodha kila wiki. Mtu aliyekuja kupigana naye apewe vita vyake, tena vizito, vinavyotaka hesabu alizozikeshea. Ukimwekea vizuizi tu, mwenye kutaka kushinda kila siku utakuwa wewe msimulizi.

Bingwa hana mpinzani

*Shangazi, mimi ndiye bingwa wa drafti hapa njia panda ya Nyakanazi. Kijiweni kwetu mshindi anabaki, aliyefungwa anaamka. Sijaamka tangu Nanenane. Siku hizi nikitokea tu, watu wanakumbuka wana mbuzi wa kwenda kufunga. Jana nilicheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Kosa langu nini? – Bingwa, Nyakanazi*

Pole, mdogo wangu. Kosa lako si kushinda. Wanaosema "mchezo ni mchezo tu" wengi hulikumbuka hilo wakishafungwa, na waliojificha nyuma ya mbuzi wangefunga hao mbuzi mapema kama wangekuwa wanashinda. Umejifunza, umestahili.

Kosa liko kwenye ile sheria ya mshindi anabaki. Kwa wachezaji wanaolingana ni sheria nzuri, maana inazungusha watu. Akitokea mmoja aliyewazidi wote, sheria hiyohiyo inawageuza wengine kuwa foleni ya kufungwa. Wao wamekuja kupumzika kabla ya safari ya Kigoma au Rusumo, kucheka kidogo, kula kete mbili na kusimulia barabara. Wewe unawaamsha kabla kiti hakijapata joto. Kwa nini wakae?

Fanya mambo mawili. Kwanza, ukishinda mara tatu mfululizo, amka bila kuambiwa. Pili, jipunguzie. Katika mchezo wa Go wa Asia ya Mashariki, mchezaji dhaifu huruhusiwa kuweka ubaoni mawe ya ziada, kuanzia mawili hadi tisa, kabla ya kuanza, na hakuna anayeona aibu kuyapokea. Wewe anza na kete kumi dhidi ya kumi na mbili. Ukiendelea kushinda, shuka hadi tisa. Utatoka jasho tena, jambo ambalo mkono wako wa kushoto umeshindwa kukufanyia. Na ukimfunga mtu, rudisha vizibo pale alipokosea umwonyeshe. Baada ya miezi michache atakufunga mara moja. Utaumia, halafu utalala vizuri kuliko ulivyolala tangu Nanenane.

Tangazo. Barua kuhusu watu wa pembeni wanaodokezea wachezaji nitazijibu toleo lijalo. Nimezipokea nyingi, na mwandiko unaonyesha kwamba zote zimeandikwa na watu wa pembeni wenyewe, wakilalamika kwamba wachezaji hawafuati ushauri wao.