Heri Izime Kila Saa

Hakuna kompyuta yenye afya kama iliyo mbele ya fundi. Tangu asubuhi imekuwa ikizimika na kuonyesha skrini ya buluu, na jina linaloandikwa pale ni la draiva ya diski, yaani programu inayoiendesha diski. Fundi akivuta kiti tu, mashine inatulia, inafungua mafaili kwa adabu, na mlalamikaji anaanza kuonekana mzushi. Ushauri unaotolewa hapo ni wa huruma: ipunguzieni kazi, iacheni ipumzike. Mimi nasema kinyume. Hitilafu inayokuja na kuondoka haikamatwi kwa kuibembeleza mashine. Hukamatwa kwa kuizidishia ugonjwa mpaka izime kila inapoguswa. Draiva ya diski hupokea maagizo ya kusoma na kuandika kwa maelfu, na majibu hayarudi kwa zamu. Jibu moja likifika wakati uleule agizo jingine linafutwa, kumbukumbu huchafuka. Mara nyingi mashine haianguki hapo. Huendelea na kazi, kisha huanguka baadaye mikononi mwa programu iliyokuwa inapita njia, nayo ndiyo inayotajwa kwenye skrini. Wahenga walimpa mwizi siku arobaini, lakini fundi hawezi kuzingoja. Inambidi azilete zote leo mchana.

Kisa cha mwanamuziki Janet Jackson kinaonyesha faida ya kuweza kuita ugonjwa. Mwaka 2022 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia kwamba enzi za Windows XP kampuni moja iligundua kuwa video ya wimbo wake "Rhythm Nation" inaangusha baadhi ya laptopu. Na si ile inayoupiga tu, hata jirani yake iliyokaa kimya mezani. Wimbo ulikuwa na mawimbi ya sauti yanayolingana na mtikisiko wa asili wa diski fulani za mizunguko 5,400 kwa dakika. Mtu angeweza kuikagua draiva mpaka azeeke bila kuona kosa. Wimbo ulipojulikana, ugonjwa ukawa unaitika kila unapoitwa, na tiba ikawa chujio la kuondoa mawimbi hayo katika sauti.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisizime na kuwasha tu. Hoja yao ina shahidi mzito: mwaka 1985 Jim Gray wa kampuni ya Tandem, Marekani, alieleza kuwa kati ya hitilafu 132 za programu ya foleni ya uchapishaji, moja tu ndiyo iliyokuwa ya kudumu, nyingine zilitoweka kazi iliporudiwa. Sawa, lakini foleni ya uchapishaji ikikosea utapoteza karatasi; njia ya kwenda kwenye diski ikikosea utapoteza mafaili. Mwishoni mwa 2018, watumiaji wa kerneli ya Linux 4.19 waliona mafaili yao yakiharibika bila mpangilio. Lawama zikauangukia mfumo wa mafaili wa ext4, kumbe kosa lilikuwa chini yake, kwenye tabaka linalopanga maagizo ya diski. Faili lililokwisha kuandikwa vibaya halirudi kwa kuzima na kuwasha. Kibaya zaidi, kosa la namna hii linavuruga hata utafutaji wake: ukipima toleo moja la kerneli baada ya jingine ili kujua kosa lilianzia wapi, toleo bovu hujitangaza kwa kuanguka, ila toleo lililosimama siku nzima huwezi kuapa kuwa ni zima. Huenda limelala tu.

Ndiyo maana Windows 2000 ilikuja na Driver Verifier, chombo ambacho kazi yake ni uchokozi mtupu. Huipa draiva kipande cha kumbukumbu chenye mpaka, ikiuvuka mashine inazimwa papo hapo, mwizi akiwa bado dirishani. Pia huweza kuinyima kumbukumbu makusudi, kuona itajitetea vipi. Mtasema uchokozi huu unaweza kufichua kosa tofauti na lile linalotafutwa. Ni kweli, na siioni hasara. Kosa hilo nalo lingetujia siku ya mishahara. Hoja ninayoikubali bila ubishi ni ya usalama, kwamba mateso haya hayafanywi kwenye diski yenye mafaili pekee ya mtu. Basi ukimkuta fundi anashangilia skrini ya buluu kwa mara ya sita, usimfukuze. Mwulize kwanza kama ametoa nakala ya mafaili yako.