Sifa za Nyumba ya Tegesha

Leo tuisifu nyumba ya tegesha, maana kutukanwa imetukanwa vya kutosha. Viongozi huikemea mikutanoni, wathamini huikunjia uso, na mgodi hautaki hata kuisikia. Aliyewahi kufika Nyamongo, kwenye kata ya Matongo na vijiji vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, anaijua: kuta za miti na udongo, bati juu, mafiga yasiyo na jivu. Imejengwa upesi, imebanana na wenzake, inasubiri. Haisubiri maharusi. Inamsubiri mthamini aje aihesabu kabla mgodi haujalichukua eneo, ili mwenyewe alipwe fidia.

Wapo wahubiri wa ujasiriamali wanaolipwa vizuri kutuambia, kwenye kumbi zenye viyoyozi, kwamba tuthubutu, tusiiogope kesho tusiyoijua. Wakimaliza wanakunywa chai. Waje Matongo. Huku mtu ameuza ng'ombe, na Mkurya hauzi ng'ombe kwa mzaha, akanunua bati, akamlipa fundi, akaezeka nyumba asiyokusudia kulala humo hata usiku mmoja, kwenye shamba ambalo huenda mgodi ukalihitaji, huenda usilihitaji. Mkataba hana. Ana fununu tu: wapima wameonekana na vigingi vyao kule bondeni. Kwa imani kama hiyo wengine walijenga makanisa.

Tena ina msimamo. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002 ukiwa wa East African Gold Mines, kisha mwaka 2003 ukanunuliwa na Placer Dome. Mwaka 2006 ukaingia mikononi mwa Barrick. Mwaka 2010 mwenye mgodi akaitwa African Barrick Gold, mwaka 2014 Acacia, na mwaka 2019 ukarudi kwa Barrick. Tegesha ni tegesha mpaka leo.

Sheria nayo inaijua. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na hesabu yake huangalia majengo na mazao, kisha huongeza posho ya usumbufu. Wanasheria wanabishana juu ya maneno hayo. Tegesha imeyatafsiri kwa bati na miche. Ndiyo maana miti iliyopandwa kando yake imesongamana hata mbuzi hapenyi. Mthamini anahesabu mashina, kivuli hakimhusu.

Wasemao ni ulaghai, sibishani nao sana. Ila kampuni haichimbi kwa kubahatisha: hutoboa mwamba kwanza, sampuli zikaenda maabara, mahesabu yakapigwa, ndipo mitambo ikaletwa. Anayeikabili kesho akiwa hajui kitu ni huyu mwenye bati.

Lakini fadhila yake kubwa wanaijua majirani. Penye mkulima aliyezaliwa kwenye boma lake, mwenye makaburi ya babu zake na choo kinachotumika, tegesha humjia kwa undugu, ikamzungushia nyumba zisizofuka moshi mpaka ya kwake nayo ikatiliwa shaka. Uthamini unabishaniwa, unachelewa, unarudiwa. Naye, ambaye hakucheza kamari yoyote, anaambiwa asiongeze chumba wala asipande mgomba mpaka kieleweke. Hivyo amegawiwa fungu lake la kutojua kesho, bure kabisa, bila kuuza hata ndama. Ukarimu wa namna hiyo hamuupati kwenye semina.

Na ramani ya mgodi ikibadilika, mpaka ukapita ng'ambo ya kilima? Ng'ombe hawarudi. Mvua imekwisha kula ukuta wa nyuma, mchwa wamepanda hadi kwenye kenchi. Ndipo mwenyewe anakuja, kwa mara ya kwanza, kuitazama kama nyumba. Anakandika upya, anatoboa dirisha, kwa kuwa wanaoifuata dhahabu hawaishi kuja, nao wanataka pa kulala. Mpangaji anafika na godoro lake, anaizunguka nyumba mara mbili, anauliza choo kiko wapi.